Jina Kubwa, Jeraha Dogo

Watu mashuhuri hutazamiwa kufa kwa mambo makubwa: vitani, kwa hila za adui, au kwa uzee huku wamezungukwa na wanaowaenzi. Hata hivyo, historia imehifadhi habari za wakuu wengi waliokufa kwa mambo ambayo mtu wa kawaida angeyapuuza. Baadhi ya habari hizo ni hekaya. Waandishi wa Roma walisimulia kwamba Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki aliyefariki huko Gela, Sicily, karibu na mwaka 456 KK, alipasuliwa kichwa na kobe aliyeangushwa na tai. Inasemekana tai huyo alidhani upara wa mtunzi ni jiwe. Ni kweli wapo ndege wala nyama wanaoangusha kobe juu ya miamba ili kuvunja magamba yao, lakini kisa hicho kiliandikwa mamia ya miaka baada ya Aeschylus kufa, na ni vigumu kukisadiki.

Vifo vinavyostaajabisha zaidi ni vile vyenye ushahidi. Kati ya hivyo, aina moja hujirudia karne baada ya karne: jeraha dogo linalomwangusha mtu mwenye jina kubwa.

Fimbo ya kiongozi wa muziki

Jean-Baptiste Lully alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1632, akapanda hadi kuwa bwana mkubwa wa muziki katika kasri la Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Wakati huo kiongozi wa wanamuziki aliweza kushika mapigo kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu. Tarehe 8 Januari 1687, Lully aliongoza muziki wa shukrani jijini Paris, kwa kuwa mfalme alikuwa amepona baada ya kupasuliwa. Katikati ya shughuli hiyo fimbo ilimpiga kidole cha mguu.

Kidonda kikaanza kuoza. Madaktari walishauri sehemu iliyooza ikatwe, naye akakataa. Inasemekana ni kwa sababu alikuwa amejipatia sifa ya uchezaji dansi tangu ujana wake. Uozo ukapanda mguuni, na tarehe 22 Machi akafariki akiwa na umri wa miaka 54. Waswahili husema mdharau mwiba mguu huota tende, na kwa Lully msemo huo ulitimia karibu neno kwa neno. Mfalme aliyepasuliwa alipona, na aliyeongoza muziki wa kushukuru kupona huko akafa.

Vidole vya madaktari

Tarehe 2 Julai 1881, James Garfield, Rais wa Marekani, alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington. Hakuwa amemaliza hata miezi minne madarakani. Risasi moja ilimkwaruza mkono, na nyingine ikaingia mgongoni. Hiyo ya pili haikugusa moyo wala mapafu. Ilikwama karibu na kongosho, mahali ambapo ingeweza kukaa bila kumwua.

Kilichomwua ni jitihada za kuitafuta. Madaktari walipenyeza vidole na vyombo visivyosafishwa ndani ya kidonda, tena na tena. Joseph Lister wa Uingereza alikuwa ameshaeleza tangu mwaka 1867 jinsi dawa ya kuua vijidudu inavyowaokoa wanaopasuliwa, lakini madaktari wengi wa Marekani walikuwa hawajaukubali ushauri huo. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliletwa na mtambo wa kutambua chuma mwilini. Mtambo haukufanikiwa: rais alilala juu ya kitanda chenye springi za chuma, tena upande uliopimwa ulikuwa wa kulia, kumbe risasi ilikuwa kushoto.

Garfield alikonda, akajaa usaha, na akafa tarehe 19 Septemba baada ya kuteseka siku 79. Mahakamani, mtu aliyempiga risasi alijitetea kwamba waliomwua rais ni madaktari. Utetezi huo haukumwokoa na kitanzi, lakini wanahistoria wengi wa tiba wanakubali kwamba mikono michafu ndiyo iliyoligeuza jeraha la kupona kuwa jeraha la kifo.

Meno ya kima

Mfalme Alexander wa Ugiriki alikuwa na umri wa miaka 27. Tarehe 2 Oktoba 1920 alikuwa akitembea katika mashamba ya kifalme ya Tatoi, karibu na Athens, mbwa wake alipopigana na kima aliyefugwa na mmoja wa wafanyakazi wa hapo. Mfalme aliingilia kuwaamua, na kima wa pili akamrukia na kumng'ata mguuni na kiwiliwilini. Majeraha yalisafishwa, naye mfalme akataka jambo hilo lisitangazwe.

Jioni hiyohiyo vidonda vilianza kuvimba. Madaktari walizungumzia kumkata mguu, lakini hakuna aliyethubutu kubeba dhamana ya kumkata mfalme. Siku zikapita, sumu ikaenea katika damu, na tarehe 25 Oktoba akafariki.

Kifo hicho kilitikisa nchi nzima. Ugiriki ilikuwa vitani na Waturuki katika Anatolia. Uchaguzi wa Novemba ulimwondoa Waziri Mkuu Eleftherios Venizelos, na Desemba baba wa marehemu, Constantine, aliyekuwa uhamishoni, akarejeshwa katika ufalme. Vita viliendelea hadi Wagiriki waliposhindwa vibaya mwaka 1922. Winston Churchill aliandika baadaye kwamba watu robo milioni walikufa kwa sababu ya meno ya kima huyo. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi kuliko kima mmoja, lakini ni vifo vichache vya namna hiyo vilivyofuatwa na mageuzi makubwa kiasi hicho.

Mbu wa Misri na kiatu cha tenisi

Mwingereza Lord Carnarvon ndiye aliyegharimia uchimbaji wa Howard Carter uliogundua kaburi la Farao Tutankhamun mwezi Novemba 1922. Miezi michache baadaye mbu alimuuma shavuni, na alipokuwa akinyoa ndevu wembe ukakata pale palipoumwa. Kidonda kikaingiwa na vijidudu, homa ikapanda, mapafu yakashikwa, na tarehe 5 Aprili 1923 akafariki jijini Cairo. Magazeti yakaeneza habari za laana ya Farao. Carter, aliyekuwa wa kwanza kuchungulia ndani ya kaburi, aliishi hadi mwaka 1939, na uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2002 haukuona kwamba waliokuwapo kaburi lilipofunguliwa walikufa mapema kwa sababu hiyo.

Mwaka uliofuata kifo cha Carnarvon, msiba uliingia Ikulu ya Marekani. Calvin Coolidge mdogo, kijana wa miaka 16 na mwana wa rais, alicheza tenisi akiwa amevaa viatu bila soksi, akatokwa na lengelenge kwenye kidole cha mguu. Baada ya wiki moja, tarehe 7 Julai 1924, alikuwa amekufa. Baba yake aliongoza nchi yenye utajiri mkubwa na aliweza kuita daktari yeyote, lakini hapakuwa na dawa ambayo daktari yeyote angeitoa.

Jinsi jeraha dogo linavyoua

Ngozi ni ukuta wa mwili. Juu yake huishi bakteria wengi wasio na madhara mradi wabaki nje. Ukuta ukipata ufa, wa fimbo, wa meno au wa wembe, baadhi yao hupenya na kuzaana. Mwili hupambana nao, na ndiyo sababu ya kidonda kuvimba, kupata joto na kutunga usaha. Mara nyingi mwili hushinda. Ukishindwa, maambukizi huenea, na mapambano ya mwili wenyewe hugeuka hatari: presha ya damu hushuka, figo na mapafu huacha kufanya kazi. Hali hiyo kitaalamu huitwa sepsisi.

Mwezi Septemba 1928, Alexander Fleming aliona katika maabara yake ya London kwamba ukungu ulioota ndani ya kisahani ulikuwa umewaua bakteria waliouzunguka. Kazi ya kuugeuza kuwa dawa, penisilini, ilifanywa na wanasayansi wa Oxford wakiongozwa na Howard Florey na Ernst Chain. Mwezi Februari 1941 walimpa dawa hiyo askari polisi aliyekuwa mahututi kwa maambukizi. Alianza kupata nafuu ya kushangaza. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba walichuja mkojo wake ili kuipata tena, na ilipoisha, ugonjwa ukarudi ukamwua. Miaka mitatu baadaye penisilini ilikuwa ikitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majeruhi wa vita.

Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Katika hotuba yake Fleming alionya kwamba anayetumia dawa hiyo kwa kiwango pungufu huwafundisha bakteria kuihimili. Onyo hilo limetimia. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa sasa unasumbua hospitali duniani kote, Afrika Mashariki ikiwamo, na hukuzwa na mazoea ya kununua antibiotiki bila kupimwa na kuacha dozi njiani.

Lully, Garfield, Alexander na kijana Coolidge hawakuwa na dawa ya kuwaponya. Msomaji wa leo anayo, maadamu bado inafanya kazi. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni. Aliyeumwa na mnyama aoshe jeraha kwa dakika 15 kisha aende kituo cha afya, kwa kuwa kuna pia hatari ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kidonda kikiambatana na homa, maumivu yanayozidi au wekundu unaosambaa, mgonjwa amwone daktari siku hiyohiyo. Na dawa ikishatolewa, itumike kama daktari alivyoelekeza.