Filta ya Gari na Maji ya Kisima

Mwanamke anayefua ovaroli ya fundi wa magari anaijua oili chafu bila kusomeshwa. Anajua kwamba maji ya kwanza hugeuka meusi, kwamba kipande cha sabuni huisha kabla doa halijatoka, na kwamba harufu hubaki katika karai hata likisuguliwa kwa mchanga. Kisha maji yale humwagwa uani, pengine si mbali na kisima. Tumeanzia uani kwa makusudi. Habari tunayoieleza wiki hii kwa kawaida huachiwa wanaume wa gereji, ilhali mwisho wake huja kuingia katika ndoo zetu.

Kila gari linapobadilishwa oili, fundi hufungua pia filta, lile kopo la chuma lililoshikizwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa kama marinda ya gauni, bomba jembamba lenye matundu, springi, na kipande cha mpira kinachoizuia oili isishuke injini inapozimwa. Mpira huo ndio asili ya mashaka yetu. Kazi yake ni kuifungia oili ndani, nao huendelea kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu hata baada ya filta kutupwa. Ukiipindua filta ukaitikisa, zitatoka tone mbili tatu, nawe utadhani imekwisha. Kumbe huenda imebaki na kikombe kizima.

Tufanye hesabu ndogo. Gereji inayobadilisha filta kumi kwa wiki, kila moja ikibaki na robo lita, huwa imetupa lita mbili na nusu za oili pasipo mtu kuiona ikimwagika. Kwa mwaka ni lita 130, zaidi ya nusu ya pipa kubwa la lita 200. Na matatu za njia ya Likoni na Ukunda, zinazoshinda barabarani kutwa, hazikawii kurudi kwa fundi.

Filta hizo huenda wapi? Nyingine huishia katika shimo la taka pamoja na maganda ya nazi na nailoni. Nyingine huingia katika gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu, na hapo wengi wetu husema alhamdulillahi, kitu kimepata matumizi. Ni kweli kwamba chuma cha filta ni chuma kizuri. Kikiyeyushwa huweza kurudi kwetu kikiwa nondo ya kujengea. Lakini gunia hilo huvuja. Huvuja gerejini, huvuja juu ya mkokoteni, huvuja mahali linapongojea gari la kwenda Mombasa. Na mvua ya masika ikinyesha, kilichovuja huanza safari ya kwenda chini.

Safari hiyo huku kwetu ni fupi. Pwani ya kusini, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, imeketi juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, ardhi inayopitisha maji upesi. Ndiyo neema yetu, kwa kuwa mvua huzama na kuhifadhiwa chini, hata visima vya Tiwi vikaweza kuwanywesha watu wa Ukunda na Diani. Ndiyo hatari yetu pia, kwa sababu ardhi inayopokea mvua haraka haiulizi mvua hiyo imepita juu ya nini. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuharibu hadi galoni milioni moja za maji matamu. Oili hiyo si mafuta matupu tena. Imebeba chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini na kemikali zitokanazo na mwako, ambazo baadhi yake zinajulikana kuleta saratani.

Dawa yake, kwa bahati njema, haihitaji mtambo. Huko Marekani, kanuni ya mwaka 1992 iliamua kwamba filta za kawaida zilizochujwa vizuri zisihesabiwe tena kuwa taka za sumu, na njia iliyopendekezwa fundi yeyote wa Bongwe anaiweza leo. Filta itolewe injini ikiwa bado na moto, maana oili ya moto hutiririka na ya baridi hung'ang'ania. Itobolewe upande wa juu uliofumbwa, au utobolewe ule mpira, ili hewa iingie na oili iachilie. Kisha iinamishwe juu ya chombo kwa saa 12. Fundi akiitundika baada ya Alasiri, akirudi asubuhi ataikuta tayari. Jambo moja tuwaonye wenye malori: filta zilizopakwa mchanganyiko wa bati na risasi hazikuingizwa katika ruhusa hiyo, hata zikichujwa.

Mbona basi haifanyiki? Tulipowauliza mafundi, jibu halikuwa ubishi bali uzito wa shughuli: mteja ana haraka, na mnunuzi wa vyuma hupima kwa kilo, oili ikiwemo. Hapo tunakiri kuna kishawishi. Filta iliyojaa ni nzito kuliko iliyochujwa. Lakini oili chafu nayo ina wanunuzi wake, na robo lita iliyochujwa ikiingia dumuni na ile ya injini ni mali ya fundi. Sheria pia ipo: kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zimeiweka oili iliyotumika miongoni mwa taka za hatari, na anayeisafirisha hutakiwa kuwa na kibali cha NEMA. Mnunuzi anayefika usiku bila karatasi si wa kupewa dumu.

Lipo jambo baya zaidi ya kuvuja, nalo ni kuchoma. Wapo wanaozitia filta moto ili karatasi na mpira viishe, kibaki chuma kitupu, na mara nyingi wanaotumwa kuuchochea moto huo ni watoto. Watu wa Pwani tumekwisha kuona gharama ya kurejesha vyuma bila uangalifu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi haikufika mwisho wake hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha uamuzi huo Desemba 2024. Hatusemi filta ni sawa na betri. Tunasema moshi wa kitu tusichokijua usipumuliwe na mtoto kwa ajili ya shilingi kumi.

Wanawake wa Kwale si wageni katika mambo ya spana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pampu za mkono zilipojaribiwa katika vijiji vyetu vya pwani ya kusini, shirika la KWAHO liliwahimiza akina mama waingie katika kamati za visima, wachange fedha za matengenezo na wajifunze kuzitunza pampu wenyewe. Pampu ya Afridev, iliyozaliwa na majaribio ya miaka ile hapa Kenya na Malawi, ilibuniwa ifunguliwe kwa spana moja tu. Kamati za namna hiyo zinaposimamia kisima, zina haki ya kumwendea fundi jirani na kumuuliza, kwa heshima na kwa salamu, filta zake zinachujiwa wapi. Mtume (s.a.w.) alikwisha kukataza kuchafua penye kuteka maji, njiani na kivulini, na gereji zetu nyingi, tukitazama vizuri, zipo njiani na kivulini kwa pamoja.

Nyumbani nako kuna ya kufanya. Ovaroli ipanguswe kwanza kwa tambara kavu au iparwe na vumbi la mbao, nalo vumbi litiwe katika debe la gereji, lisitupwe uani. Ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto wachanga, na maji yake yamwagwe mbali na kisima, upande wa mteremko. Fundi naye anajua kwamba grisi iliyoganda mkononi huyazuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi, ndiyo maana kabla ya Adhuhuri utamwona akijisugua kwa omo na mchanga. Ajisugulie gerejini kwake, juu ya debe. Mfereji wa msikiti mara nyingi huishia katika shimo lile lile lililo jirani na kisima cha msikiti.