Ponti ya Nyuma Ikilia

Mutauliza: muganga wa dispensari anatafuta nini chini ya motokari? Sisi kazi yetu ni kusikiliza. Mgonjwa akiingia hatumpi dawa kwanza. Tunamuuliza inauma wapi, tangu lini, na inazidi saa gani. Motokari yenye kulia nyuma iulizeni vilevile, mbele ya kutoa franka kwa fundi.

Shida ya kwanza ni masikio yenyewe. Ukishinda karibu na mashine ya kuponda mawe bila kuziba masikio vizuri, yanabaki mazito kwa saa nyingi baada ya posti, na sauti nyembamba ndizo zinapotea kwanza. Basi usipime motokari jioni, ukitoka Kinsevere umechoka. Pima asubuhi ya siku ya mapumziko, na uketishe bibi yako nyuma asikilize. Mtoto akisema, “Baba, kuna kitu kinalia,” usimwambie anyamaze. Masikio yake ni mazima kuliko yako.

Toka kwenye njia ya vumbi uingie kwenye lami. Sauti ikibadilika kabisa, mara nyingi ni mipira tu, imelika vibaya. Isipobadilika, tafuta lami pana isiyo na watu, pinda polepole kushoto, halafu kuume. Mvumo ukizidi unapopinda kushoto, uzito umehamia kuume: shuku rulema ya gurudumu la kuume, lile duara la chuma lenye vichuma vya mviringo ndani. Ikiwa si mvumo bali ni filimbi, nayo inageuka kila unapokanyaga ao kuachilia pedali ya mafuta, shuku meno ya ndani ya ponti. Pigo moja, ko!, wakati wa kuondoka? Mara nyingi ni viungo vya kardani. Nasema juu ya motokari zenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kama zile Hiace za teksi. Motokari nyingi ndogo zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kwao kelele ya nyuma ni rulema, mipira ao freni.

Rulema ndiyo inanitisha. Katika ponti nyingi yenyewe ndiyo inashikilia ule mti wa chuma unaozungusha gurudumu. Ikivunjika, gurudumu linaweza kutoka na mti wake, na watoto wako ndani. Chungulia pia upande wa ndani wa gurudumu. Mafuta yakivuja pale yanaingia kwenye freni, na freni iliyolowa mafuta haishiki.

Wakati wa mvua, ikiwa ulipita kwenye maji mengi, tazama mafuta ya ponti. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yamwagwe, yatiwe mapya. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole, usiiendeshe tena.

Sasa kriki. Kwa motokari nyingi freni ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, haishiki kitu tena! Kwa hiyo, kwenye udongo mgumu na sawa, kaza kwanza magurudumu ya mbele kwa vipande vya mti, mbele na nyuma yake. Kisha inua, uweke viegemeo vya chuma chini ya ponti. Usiweke matofali, tofali la kuchoma linapasuka bila kutoa habari. Usiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, na watoto wakae mbali.

Zima moto, toa vitesi, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ao likikwaruza, motokari ibaki pale pale mpaka fundi afike. Kesho panda basi ya kazi.