Gari Halifi Siku Moja

Gari likizimika usiku kwenye Barabara ya Morogoro na mwenyewe akaamua kupanda daladala akalale, ili asubuhi arudi na fundi, mkazi yeyote wa Dar es Salaam atamwambia neno moja tu: "Usiliache peke yake." Anayetoa ushauri huo haogopi kwamba gari litaibwa. Gari lisilowaka ni mzigo hata kwa mwizi. Anachojua ni kwamba mwenyewe akirudi atalikuta limepungua.

Kupungua huko kuna utaratibu wake. Kwanza huondoka vioo vya pembeni, vile tunavyoviita saiti mira, pamoja na taa ndogo za indiketa. Kazi hiyo inataka bisibisi na nusu dakika. Zinafuata betri na redio, ambazo mtu hazipati mpaka avunje kioo cha mlango. Kisha magurudumu, na asubuhi moja mtaa mzima unaamka na kukuta gari limekalia mawe. Hapo mambo hubadilika. Mpaka jana walikuwa wanakuja vibaka. Sasa wanakuja mafundi, watu wenye seti ya spana na subira, wanaojua nati ipi ianze kulegezwa. Huondoka stata, alteneta, rejeta, giaboksi, na lile sega lililo ndani ya ekzosi, ambalo lina madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu iliwahi kupita dola 20,000 katika soko la dunia, na tangu hapo hata bomba la moshi limekuwa kitu cha kulindwa. Siku ya mwisho unakuja mkokoteni kuchukua bodi lenyewe, likakatwe na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Watoto hubakiwa na kiti cha nyuma, wakakiweka chini ya mwembe.

Kwa nini vipande, na si gari zima? Sababu ni namba. Gari zima lina kadi, lina namba ya usajili, lina namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na namba ya injini. Kuliuza kunataka karatasi za kughushi na roho ngumu. Saiti mira haina kadi. Ikishafika kibandani na kutundikwa kwenye waya pamoja na nyingine arobaini, zilizoingia kihalali ndani ya makontena kutoka Japani au Dubai, hakuna macho yatakayoitambua. Tena magari yetu mengi ni yale yale: Toyota za aina chache, za usukani wa kulia, zilizokwisha kutumika Japani. Kwa hiyo kioo kilichong'olewa Sinza usiku kinaweza kuingia kwenye gari la mtu wa Temeke mchana bila kurekebishwa hata kidogo. Urahisi ule ule unaotufanya tupende Toyota, kwamba spea zake hazikosekani, ndio unaomlisha mwizi.

Watu hupenda kusema kwamba gari lililotelekezwa ni la mtu mzembe. Nani huyo anayetelekeza mali ya mamilioni kwa kupenda? Ukichunguza utakuta baba amefariki, watoto hawajakubaliana nani asimamie mirathi, na gari linasubiri uani kwa shangazi. Au gari ni kielelezo: lilikamatwa na shehena ya magendo, likaegeshwa kituoni mpaka kesi iishe, na kesi ikachukua miaka. Mwenyewe akishinda, hukabidhiwa ganda. Au ni gari la umma lililoharibika, nalo linangoja kibali cha kupigwa mnada. Katika mifano hii yote mwenyewe yupo. Anayekosekana ni mtu wa kulitazama gari kila siku na kuuliza aliyelisogelea anataka nini.

Jambo hili limewahi kupimwa na mtaalamu, mbali kabisa na kwetu. Mwaka 1969 profesa mmoja wa saikolojia wa Marekani, Philip Zimbardo, aliripoti jaribio alilofanya na magari mawili. Moja, Oldsmobile ya mwaka 1959, aliliacha barabarani katika eneo la Bronx, jijini New York, bila namba za usajili na boneti ikiwa wazi. Jingine aliliacha hivyo hivyo huko Palo Alto, California, mji wa watu wenye nafasi. Wasaidizi wake wakajificha na kamera.

Kule Bronx hazikupita dakika kumi. Waliofika kwanza walikuwa baba, mama na mtoto wao mdogo wa kiume. Mama akasimama pembeni kulinda zamu, mtoto akamsaidia baba kupekua, baba akang'oa betri na rejeta. Baada ya saa 26 wapita njia wengine walikuwa wamekwisha kuchukua antena, wipa, vifuniko vya magurudumu na tairi moja la nyuma. Vilipokwisha vya kuchukua, ndipo ulipoanza uharibifu wa kuvunja tu. Na sehemu kubwa ya haya ilifanyika mchana kweupe, na watu wazima waliovaa vizuri. Kule Palo Alto gari lilikaa zaidi ya wiki moja bila kuguswa. Mvua iliponyesha, mpita njia mmoja aliifunga boneti ili injini isilowe. Na Zimbardo alipokwenda kuliondoa, majirani watatu walipiga simu polisi kwamba gari lililotelekezwa linaibwa!

Mwaka 1982 James Wilson na George Kelling walilitumia jaribio hilo katika makala yao mashuhuri kuhusu madirisha yaliyovunjika, wakidai kwamba kioo kimoja kisipotengenezwa hukaribisha uharibifu mwingine. Kuna ukweli hapo. Saiti mira ya kwanza ikitoka, gari limekwisha kutangaza kwamba halina mtu. Lakini mimi humfikiria zaidi yule baba mwenye betri na rejeta. Hakuvunja kitu kwa hasira. Alichagua vitu viwili vinavyofungwa kwenye gari jingine au kuuzwa jioni ile ile. Mtu hang'oi rejeta kama hajui itakwenda wapi.

Wengine watasema kwamba kitu kilichotupwa ni cha aliyekiokota. Sheria yetu haisemi hivyo. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamsamehe aliyeokota kitu kilichopotea iwapo hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sasa gari lina namba mbele na nyuma, na nyingine kwenye chesisi. Mwenyewe anapatikana kwa kuuliza tu. Tena gari halijapotea. Liko pale pale lilipoachwa, na mtaa mzima unajua ni la nani. Kifungu cha 311 kinamgusa mpokeaji wa mali ya wizi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kukohoa.

Maana saiti mira ya dukani, ikiwa mpya, ina bei yake. Ya kibandani ni rahisi zaidi. Halafu yupo kijana anayekuambia, "Mzee, subiri hapa hapa, nitakuletea ya kwako nzuri baada ya saa moja." Wasikilizaji, mtu anayekwenda kuleta kioo cha gari lako kwa saa moja anakitoa wapi? Kuna waliouziwa kioo cha gari lao wenyewe, na wakashukuru kwamba kimekaa sawasawa. Sisemi kwamba wauza vipuri wa Gerezani au wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi ni wezi. Wengi wanauza kwa stakabadhi na hawajifichi. Lakini mnunuzi asiyetaka stakabadhi huwasumbua hao waaminifu kuliko anavyowasumbua wezi.

Wakenya walijaribu kuanzia upande wa mnunuzi. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka huo huo, kwa kuwa biashara hiyo inalisha pia waokotaji na viwanda vilivyo halali. Kufunga soko zima ni kazi nzito.

Huku kwetu wenye magari wamejitafutia kinga yao. Wapo wanaofunga saiti mira kwa ribiti, wapo wanaozungushia taa vyuma mpaka gari likafanana na duka la usiku. Iliyo nafuu zaidi ni kuchonga namba ya gari kwenye vioo vyote na kwenye taa. Haimzuii mwizi kung'oa, lakini kioo kilichoandikwa namba ya mtu hakina bei nzuri. Mwizi hulazimika kuisugua, na kioo kilichosuguliwa hubaki na ukungu pale palipokuwa na namba. Basi ukipelekewa saiti mira kibandani, usiishie kutazama kama inaingia kwenye mlango wako. Igeuze juani kwanza, utazame zile kona.