Meno ya Mabaharia Yatoa Ushahidi

Wanachama wetu wengi ni watu wa shamba na bahari pamoja, na hapana baraza ambapo hazitajwi habari za vyombo vilivyozama. Safari hii twawaletea habari ya manowari ya Kiingereza ambayo mabaharia wake wametoa ushahidi baada ya karne nne na zaidi.

Manowari hiyo yaitwa Mary Rose, nayo ilikuwa ya Mfalme Henry wa Nane. Tarehe 19 Julai 1545, ilipokuwa ikipigana na Wafaransa karibu na bandari ya Portsmouth, ililala upande, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama mfalme akitazama. Mlikuwamo watu wapatao 500. Waliookoka hawakufika 40. Jina la mkubwa wao, Sir George Carew, limo vitabuni. Wengi wa walio chini yake hawakuandikwa popote.

Tope la bahari likawahifadhi. Wazamiaji walikuta mifupa ya watu wasiopungua 179, na mwaka 1982 chombo chenyewe kikaibuliwa. Kisha mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzao wakatangaza uchunguzi wao juu ya meno ya wanane kati ya marehemu hao, miongoni mwao mpishi na mpiga mishale, waliotambulikana kwa vitu vilivyokutwa karibu nao.

Mkulima hataona ajabu kwa njia waliyoitumia. Mti hunyonya kilichomo ardhini, na sisi twala kilichomo mtini. Katika miamba mna madini yaitwayo strontiamu. Hupita katika mmea, yakaingia katika mwili wa mtoto, yakakaa katika jino linalomea. Oksijeni ya maji aliyokunywa nayo hubaki humo, na kwa hiyo hujulikana kama nchi yake ilikuwa ya joto au ya baridi. Gamba gumu la jino likisha kukamilika, halibadiliki tena, hata mtu akihama mara kumi.

Basi meno yalisemaje? Watano walikulia Uingereza. Watatu huenda walitoka nchi za joto zaidi, kama pwani za kusini ya Ulaya au Afrika ya Kaskazini. Na liko jambo la kuzingatia zaidi. Mmoja, ambaye wataalamu wamempa jina la Henry, umbo la fuvu lake lilionyesha kuwa huenda ana asili ya Kiafrika. Wengi wangelikata shauri kuwa alikuwa mgeni. Meno yake yalisema kuwa alilelewa Uingereza.

Twakumbuka hapa Mwafrika mwingine, Jacques Francis, mzamiaji hodari kutoka Guinea, aliyekuwa katika kazi ya kuokoa mali ya Mary Rose mwaka 1547. Mwaka uliofuata alitoa ushahidi mahakamani katika shauri la mwajiri wake. Wafanyabiashara wa Kiitalia walitaka maneno yake yasikubaliwe, wakidai kuwa ni mtumwa. Hata hivyo yaliandikwa, na hadi leo yasomeka.

Ushahidi wa meno hauna wa kuupinga kwa hoja ya nasaba wala rangi. Nasi watu wa visiwa, ambao kila pepo za msimu zilituletea jamaa, yatupasa tusiwe wepesi wa kumwambia mtu kwao ni wapi kwa kumtazama uso tu. Tumwulize kwanza maji ya kisima gani aliyanywa utotoni.