P0340: Mashine Imesema Sensa, Lakini Imemaanisha Nini?

Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Asubuhi gari linachelewa kuwaka, barabarani halina nguvu, na mara nyingine linamisi. Unakwenda gereji, fundi anachomeka mashine ya kupima, inatoka namba P0340. "Sensa ya kamshafti imekufa, kanunue nyingine." Unanunua, inafungwa, taa inazimwa. Siku tatu baadaye taa hiyo imewaka tena. Pesa imekwenda na tatizo liko palepale.

Namba haikudanganya. Ilisomwa vibaya tu.

Sensa hii inafanya kazi gani?

Ndani ya injini ya petroli kuna mihimili miwili inayozunguka. Krankishafti imeungana na pistoni. Kamshafti inafungua na kufunga valvu. Zimefungwa pamoja kwa cheni au mkanda wa taimingi, na krankishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja.

Fikiria saa ya ukutani. Mshale mfupi unazunguka mara mbili kwa siku. Ukiangalia mishale peke yake utaona ni saa mbili, lakini hujui ni saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Lazima uchungulie dirishani uone kama jua lipo. Krankishafti ndiyo mishale: inaiambia kompyuta ya gari kwamba pistoni namba 1 imefika juu. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, mara moja ikigandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta, mara nyingine ikitoa moshi. Sensa ya kamshafti ndiyo dirisha. Bila taarifa yake, kompyuta haijui kwa uhakika silinda ipi inahitaji mafuta na moto sasa hivi. Magari mengine hubahatisha na kuendelea kwenda, ila kuwaka kunachukua muda. Mengine hayawaki kabisa.

Tusome namba yenyewe

Herufi P inahusu injini na gia. 0 maana yake namba hii ina maana ileile kwa watengenezaji wote. 3 inaelekeza kwenye mfumo wa kuwasha moto na kumisi. 40 inataja saketi ya sensa ya kamshafti. Mfumo huu wa namba, OBD-II, ulikuwa lazima kwa magari mapya ya abiria nchini Marekani kuanzia ya mwaka 1996.

Neno la kushika hapo ni saketi. Kompyuta haiwezi kuiona sensa. Inaona waya tu, na waya huo hauleti inachotegemea. Ni sawa na kupiga simu ukaambiwa mteja hapatikani. Huwezi kuanza kuandaa msiba! Pengine chaji imeisha, pengine mtandao hakuna.

Kwa hiyo P0340 inaweza kutoka kwa sensa mbovu, waya uliokatika au uliochubuka ukagusa bodi, soketi iliyolowa oili, fyuzi, au mara chache kompyuta yenyewe.

Pima kwa mpangilio

Kwanza, namba zote ziandikwe kabla hazijafutwa. Ikitoka P0340 pamoja na P0335 ya sensa ya krankishafti, tafuta kitu ambacho sensa zote mbili wanatumia pamoja, kama vile umeme au waya wa hasi. Ikitoka P0016, hiyo inasema kamshafti na krankishafti hazikubaliani, na hapo cheni ndiyo mshukiwa mkubwa.

Pili, tumia macho. Zima swichi, chomoa soketi. Angalia oili, kutu, pini iliyopinda, waya uliokaa karibu na bomba la moshi.

Tatu, hesabu waya. Zikiwa tatu, mara nyingi ni sensa ya Hall. Jina linatokana na Edwin Hall, aliyegundua mwaka 1879 kwamba sumaku husukuma umeme pembeni ndani ya kipande cha metali. Alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alitumia karatasi nyembamba ya dhahabu. (Wanafunzi wenzangu, tusikate tamaa.)

Washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima kwenye soketi kwa multimita. Waya mmoja ulete volti 5 au 12 kulingana na gari, mwingine uwe hasi safi. Umeme usipofika, sensa mpya haitasaidia chochote. Fuata waya mpaka ujue umekwamia wapi. Umeme ukiwepo, rudisha soketi, pima waya wa taarifa huku mtu akizungusha injini taratibu kwa spana kwenye bolti ya puli ya krankishafti. Volti iwe inapanda na kushuka. Isipobadilika kabisa, na waya wa kwenda kwenye kompyuta ni mzima, basi sasa una haki ya kuilaumu sensa.

Zikiwa waya mbili, mara nyingi ni koili na sumaku, inajitengenezea umeme yenyewe. Pima ukinzani wake, linganisha na kitabu cha gari hilo. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika.

Kwa nini usikimbilie kubadilisha?

Gharama ya sensa ni sehemu ndogo ya hasara. Tatizo likiwa cheni iliyolegea na wewe unabadilisha sensa, unaendelea kuendesha injini inayoelekea kuruka meno. Kwenye injini nyingi, taimingi ikiruka vya kutosha, pistoni zinagonga valvu. Hapo hutafuti tena kipande kinachokaa kiganjani, unafungua injini nzima.

Kwa hiyo fundi akikwambia sensa imekufa, muulize kwa heshima: "Fundi, umeme unafika kwenye soketi? Na taarifa inatoka?" Fundi aliyepima atakujibu kwa namba. Asiyepima atakutajia bei.