Moyo wenye tundu na mimba: ujue mapema!

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na tundu kwenye moyo? Wengine hugundulika wakiwa tayari shuleni: akipanda ngazi anahema, midomo na kucha zinakuwa za bluu.

Inakuwaje? Damu inapita kwenye tundu na kuzidi kwenye mapafu. Miaka ikienda, mishipa ya mapafu inakuwa minene na presha ndani yake inapanda. Siyo ile presha inayopimwa mkononi! Mwishowe damu inageuza njia, na ile isiyo na oksijeni inaingia mwilini.

Sasa fikiria mimba. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu. Moyo wenye afya unamudu, lakini huu unaweza kushindwa, hasa wakati wa kujifungua na siku chache baadaye. Ndiyo maana madaktari huwashauri wenye presha ya mapafu wasibebe mimba kabisa.

Ina maana hakuna kuzaa? La! Tundu likizibwa mapema, kabla mapafu hayajaharibika, wengi huzaa salama wakiangaliwa na daktari wa moyo.

Kwa hiyo dada, kama una tatizo la moyo, uliza kabla. Mwambie daktari usione haya. Ukitaka kuzuia mimba usijichagulie vidonge, kwani vingine huongeza hatari ya damu kuganda. Na kama mimba imeshaingia, usifiche: nenda hospitali leo. Kaka, nawe usimshawishi mwenzio kubahatisha. Ni maisha yake!