Umbo la Chini la Mashua za Uvuvi katika Mlango wa Pemba

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi umbo la chini la mashua za kasi, zitumiwazo na wavuvi wa mshipi wanaofuata nduaro na sulisuli, lipatanavyo na bahari iliyochafuka. Yafaa kwanza kuitazama bahari yenyewe, maana hakuna umbo lililo jema mahali pote.

Mlango wa Pemba una upana wa kadiri ya kilomita 50, na kina chake hufikia mamia ya mita. Mkondo mkuu wa pwani hupita humo kuelekea kaskazini. Wakati wa kusi, upepo na mkondo hufuatana. Mawimbi huwa makubwa, lakini hupeana nafasi. Wakati wa kaskazi, upepo hukabiliana na mkondo. Na ingawa mkondo hupungua nguvu, mawimbi huwa mafupi, ya wima, yenye kufuatana upesi. Kwa kuwa msimu wa uvuvi huu huanza kadiri ya Agosti ukaishia Machi, mashua ile ile yapasa kuzikabili hali zote mbili.

Jahazi hupasua maji na kuyasukuma kando. Mashua ya kasi huinuliwa na maji yenyewe ikateleza juu yake, na hapo ndipo taabu ianzapo, kwani kila irukapo wimbi hurudi chini kwa kishindo. Chini palipo bapa hupigwa na maji pote kwa mara moja. Chini palipochongoka mfano wa herufi V huingia majini kwanza kwa mkuku, kisha kidogo kidogo hata ubavuni, na nguvu ya pigo hugawanyika.

Zamani mashua nyingi za namna hii zilichongoka omo, zikawa bapa tezini. Kasoro yake huonekana mawimbi yatokapo nyuma: omo huzama, tezi pana husukumwa kando, na chombo huelekeza ubavu kwa wimbi. C. Raymond Hunt, mbuni wa vyombo wa Marekani, aliuendeleza mchongoko ule mpaka tezini, akaongeza papi nyembamba chini ili kuyatupa maji nje na kukiinua chombo. Mwaka 1960 mashua Moppie, iliyofuata ubuni wake na kumilikiwa na Richard Bertram, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari kali. Kutokana nayo ikatengenezwa mashua ya faiba iitwayo Bertram 31, iliyopendwa sana na wavuvi wa mshipi.

Lakini faida hii haipatikani bure. Mchongoko mkubwa wataka injini yenye nguvu zaidi na mafuta mengi zaidi. Tena chombo kikisimama, kama wakati wa kushindana na samaki, huyumba kuliko kilicho bapa. Kwa hiyo wabuni wengi huupunguza kiasi tezini, wakauacha mkali omo panapopokea wimbi kwanza. Ngalawa hupata utulivu kwa njia nyingine: gogo lake jembamba hupasua wimbi, na matengo yaliyo mbali ubavuni huizuia isipinduke. Wembamba na utulivu, ambavyo katika mashua ya kasi hugombana, katika ngalawa vimepewa viungo mbalimbali.

Msomaji wa lugha ataona kwamba omo, tezi, mkuku, taruma na papi zatosha kueleza karibu jambo lote hili. Kilichobaki ni kukipa jina kipimo cha pembe iliyo kati ya mstari wa mlalo na upande wa chini wa chombo. Katika Bertram 31 pembe hiyo tezini ni kadiri ya digrii 23. Napendekeza iitwe “mwinamo wa chini”. Mnunuzi asiye na neno hili huuliza urefu wa mashua na nguvu za injini tu. Na siku ya kaskazi kali, katikati ya mlango, mwinamo huo ndio uamuao kama chombo kitarudi na abiria wake wazima.